Ugali nimeuacha, kilo zimerudi, na sasa mtoto naye hataki kula

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usiliandike, niite tu Mama Wawili wa Tabata. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, mkubwa wa kike yupo darasa la tano na mdogo ndio kwanza ameanza kutembea. Nina kilo 84, urefu sentimita 160, nilipima hapo famasi ya mtaani kwetu. Kabla ya kumzaa huyu wa pili nilikuwa na mwili wa kawaida tu, nguo zinanikaa, halafu baada ya kujifungua nikaanza ile sindano ya miezi mitatu, na biashara nayo nikahamia kwenye fremu, nauza vyombo vya ndani, yaani nakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni naangalia simu na kusubiri wateja. Mwili ukawa unaongezeka tu.

Sasa Anti wifi yangu anaolewa, sare tumeshagawiwa, nikasema hapana, sitapiga picha za familia hivi nilivyo. Rafiki yangu mmoja akaniunganisha kwenye grupu la WhatsApp la kupungua, unatuma hela kwa kocha unapewa ratiba. Ratiba yenyewe ni hivi: hakuna ugali, hakuna wali, viazi, ndizi, mihogo, hakuna maharage, hakuna tunda lolote isipokuwa parachichi. Asubuhi kahawa umetia mafuta ya nazi, mchana mayai na nyama, jioni supu ya mifupa, na maji ya moto yenye ndimu na tangawizi muda wote eti yanayeyusha mafuta. Ukila hata kipande cha muhogo umeharibu, unarudi mwanzo.

Sikatai, nilipungua, tena haraka, wiki ya kwanza tu sketi ililegea, watu wakawa wananipongeza mpaka kanisani. Lakini kichwa kilikuwa kinagonga, choo kigumu, mdomo unatoa harufu ya ajabu hata nikipiga mswaki, na kuna jioni nilikuwa nawagombeza watoto bila sababu yoyote. Halafu tukapata msiba Korogwe, pale msibani ukapakuliwa ubwabwa, nikasema siwezi kukaa na njaa na wenzangu wanakula, nikala. Tangu siku ile sikuweza kujizuia tena, nilikuwa nakula kama nimefunguliwa, mkate, maandazi, kila kitu. Kilo zote zimerudi na nyingine juu. Na nywele sasa zinadondoka, nikichana kitana kinajaa. Kocha nilipomwambia akanijibu kwenye grupu mbele ya watu wote kuwa sina nidhamu, halafu inbox akaniambia nilipie awamu ya pili, ditoksi ya chai na juisi ili kusafisha sumu kwanza.

Nyumbani nako kumeharibika. Nilikuwa napika vyungu viwili, cha kwangu na cha familia, trei za mayai na parachichi na nyama zikala hela ya matumizi mpaka baba watoto akaniuliza hii dayati ni ya mtu mmoja au ya wabunge. Juzi binti yangu amesukuma sahani ya ugali akasema mama mimi sitaki kunenepa. Anti niliishiwa nguvu. Na mama yangu mzazi ambaye nakaa naye ana sukari na presha, ameona picha kwenye grupu, anataka nimuunganishe, kocha kaniambia mama akifuata ratiba vidonge atavitupa.

Mimi kabla ya hapo nilikuwa nakula kawaida tu Anti, asubuhi chapati mbili na chai ya maziwa kwa mama ntilie wa jirani na fremu yangu, mchana wali maharage na soda ya kushushia, saa kumi chai tena, jioni ugali nyumbani, siku nikichoka nawapitishia chipsi mayai. Sasa naomba uniambie ukweli, kuna dayati gani ya kweli? Nilipie hiyo awamu ya pili? Na ugali ndio adui kweli?

Mama Wawili, Tabata.

* * *

Marahaba mdogo wangu.

Naanza na mama, mengine yatasubiri. Mama asiguse vidonge vyake, asipunguze hata nusu, mpaka aongee na daktari anayemtibu. Kocha anayesema vidonge vitatupwa hajaiona kadi ya mama, hajui sukari yake inasoma ngapi asubuhi, hajui anameza dawa gani, sasa hiyo ahadi kaitoa wapi? Nikueleze hatari yenyewe ilivyo maana ina pande mbili. Kuna dawa za sukari kama glibenklamaidi, na insulini ndio zaidi, zinashusha sukari iwe mtu amekula au hajala. Sasa mama akate wanga wote ghafla huku anameza dozi ile ile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Upande wa pili ni aache dawa, sukari inapanda taratibu bila kelele, na yeye anajisikia yuko sawa huku macho na figo na mishipa ya miguu vinaharibika. Sisemi mwenye sukari hawezi kupunguza wanga, wapo wanaopunguza na wanafaidika na dozi zao zinashushwa, ila anayeshusha ni daktari, kwa vipimo, hatua kwa hatua. Siku yake ya kliniki ikifika nenda naye, waulize kabisa, mama akitaka kubadilisha chakula aanzeje. Na akianza kupata hizo dalili za kushuka kwa sukari, mpe kitu chenye sukari haraka kama bado ana fahamu na anameza vizuri, halafu mkimbize hospitali.

Haya, tuje kwako.

Zile kilo za wiki ya kwanza zilikuwa za kweli kwenye mizani ila nyingi hazikuwa mafuta. Mwili unatunza akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, wataalamu wanaiita glaikojeni, kwa mtu mzima ni kama nusu kilo hivi, na kila gramu moja ya akiba hiyo inakaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha ugali na wali ghafla mwili unachota kwenye hiyo akiba, na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Piga hesabu mwenyewe, hapo kilo mbili zinaondoka kabla tumbo halijapungua hata robo inchi. Ndio maana sketi ililegea, ndio maana grupu zima linashangilia wiki ya kwanza, na ndio maana ule ubwabwa wa Korogwe ulikurudishia sehemu ya kilo kwa siku chache tu, akiba ilijazwa upya na maji yake.

Baada ya hapo mwili usio na wanga unaanza kuchoma mafuta na kutengeneza vitu vinaitwa ketoni. Moja ya hizo ketoni inatoka kwa pumzi, hiyo ndio harufu uliyokuwa unaisikia, mswaki hauiwezi kwa sababu haitoki kwenye meno. Kichwa kugonga ni maji na chumvi kupotea kwa wingi siku za mwanzo. Choo kigumu ni kwamba umeondoa maharage, matunda, dona, viazi, vitu vingi vyenye nyuzinyuzi kwa mkupuo mmoja, ukabaki zaidi na mayai na nyama ambavyo havina nyuzinyuzi kabisa. Na nywele, hapo usiogope sana, mwili ukishtuliwa na njaa kali nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja halafu zinadondoka miezi miwili mitatu baadaye, wanawake wengi wanaijua hali hii kwa sababu inatokea pia baada ya kujifungua. Ukirudi kula vizuri kwa kawaida zinaota tena. Ila hapo kliniki omba wakupime na wingi wa damu, upungufu wa madini ya chuma nao unadondosha nywele.

Hujasema kama mdogo bado ananyonya. Kama ananyonya basi hiyo ratiba ndio kabisa haikufai, mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida, na kumkatia wanga wote ni hatari.

Kuhusu kujizuia, na hili nataka ulisikie vizuri kwa sababu kocha amekudhalilisha mbele ya watu. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda, homoni za njaa zinapanda, na mwili unabana matumizi, unachoma kidogo kuliko mwanzo. Akifunguliwa mlango anakula kupita kiasi. Hiyo haiitwi kukosa nidhamu, ni mwili unafanya kazi yake, na biashara nyingi za dayati zinaishi hapo hapo, unapungua unasifia, unarudi unajilaumu, unalipia tena.

Tena hizi dayati wala sio mpya kama wanavyozitangaza. Mwaka 1863 kuna mzee mmoja wa London anaitwa William Banting, kazi yake ilikuwa mambo ya mazishi na majeneza, alikuwa mnene mpaka kufunga viatu ni shida, daktari wake akamkataza mkate, sukari, viazi na bia, akapungua, akaandika kijitabu akawagawia watu na mji mzima ukafuata. Hiyo ni miaka zaidi ya 160 iliyopita. Na hii ya kukata wanga karibu wote kama ya kocha wako, inayoitwa keto, jina lake na mpango wake vilitoka kwa daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani mwaka 1921, alikuwa anatafuta namna ya kuwasaidia wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo watoto wengine wenye kifafa kisichosikia dawa wanapewa, chini ya uangalizi mkali hospitalini. Kutoka kwa mgonjwa wa kifafa mpaka sare ya harusi ya wifi, ni safari ndefu hiyo.

Sasa umeuliza dayati ya kweli ni ipi. Stanford, chuo kikuu cha Marekani, walichukua watu wazima 609 wenye uzito uliozidi, wakawagawa mafungu mawili, fungu moja lipunguze mafuta, jingine lipunguze wanga, mwaka mzima. Matokeo yakatoka 2018. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6, na watafiti wakasema hiyo tofauti si ya maana. Mwaka mzima huo mdogo wangu, sio wiki tatu! Lakini kitu ambacho mimi nakipenda kwenye habari hii ni kwamba mafungu yote mawili waliambiwa mambo yale yale ya msingi, punguzeni sukari na unga uliokobolewa, kuleni mboga nyingi, pikeni nyumbani. Hakuna aliyeambiwa ahesabu kalori. Na ndani ya kila fungu kuna waliopungua sana na kuna walioongezeka. Kwa hiyo aliyekuambia wanga ndio shetani na aliyekuambia mafuta ndio shetani, wote wanakuuzia.

Nirudi kwenye barua yako sasa. Uliposema "nilikuwa nakula kawaida tu" nilisimama nikasoma tena, maana ugali umeutaja mara moja tu, jioni, lakini ndio umeubebesha kesi yote. Angalia vingine. Soda ya chupa ya kawaida ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na ushee, ni kama vijiko tisa vya chai. Ongeza chai ya asubuhi na chai ya saa kumi, sijui unatia vijiko vingapi ila kwa mama ntilie wengi wanaandaa chai ya maziwa ikiwa imeshatiwa sukari huko huko kwenye birika, huna hata uamuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Wewe soda peke yake imeshapita 25 na siku haijafika jioni.

Chapati mbili, hapo kuna unga mweupe na mafuta. Chipsi mayai, viazi vimezama kwenye karai la mafuta, halafu vikakaangwa tena na mayai kwenye mafuta mengine. Gramu moja ya wanga inatoa kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori zaidi ya 120. Ugali wenyewe kama ugali hautiwi mafuta hata tone wala sukari, ni unga na maji. Ukila kupita kiasi utanenepa, hata parachichi ukila kupita kiasi utanenepa, lakini kuutoa ugali wa jioni ukaacha soda na chapati na chipsi, hapana, umemfukuza asiyehusika.

Mafuta nataka tuongee kidogo kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunapotea bila kujua. Kesho ukiwa unapika mboga, usimimine kutoka kwenye dumu. Mimina kama ulivyozoea lakini kwanza kwenye kikombe, halafu chota kwa kijiko cha chakula uone vinafika vingapi kabla hujaweka kwenye sufuria. Watu wengi wakifanya hivi wanashtuka, maana jicho linazoea, sufuria linapiga cheche, kitunguu kinaogelea na sisi tunasema ndio utamu. Kwa fungu mbili za mchicha kijiko kimoja mpaka viwili vinatosha familia. Osha mchicha ukiwa mzima ndio ukate, sio kukata halafu kuosha, vitamini zinaondoka na maji. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka ziive vizuri, weka mchicha, funika, dakika chache tu, toa ukiwa bado wa kijani. Ukishaepua kamulia ndimu. Hapo ndio ndimu ina kazi ya maana, vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha na maharage. Kuyeyusha mafuta ya tumbo hapana, hakuna maji ya ndimu yanayofanya hivyo, na ukishinda unayanywa kutwa nzima asidi inakula meno. Na chai kunywa mbali na chakula, saa moja au mbili baadaye, kwa sababu majani ya chai yanazuia hilo hilo chuma lisiingie.

Chungu kiwe kimoja. Hii ndio dayati yangu kama unataka jina, chungu kimoja, mle wote. Chakula ambacho mama anakula peke yake kwenye kona huku watoto na baba wana chao hakifiki mbali, kitakushinda kwa hela, kitakushinda kwa muda, na kitakushinda siku ya msiba, ya harusi, ya Pasaka. Kinachobadilika ni mpangilio wa sahani. Tuseme ukweli, sahani zetu nyingi ugali umejaa sahani nzima, mboga imewekwa pembeni kijiko kimoja kama mapambo, na kipande cha samaki kinatazamwa. Geuza. Nusu ya sahani iwe mboga na kachumbari, robo iwe ugali au wali au viazi au ndizi, robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki, kuku, yai, choroko, chochote cha jamii hiyo. Tunda pembeni, moja, lolote la msimu, embe, papai, chungwa, usiliogope tunda zima, lina nyuzinyuzi zake, tofauti na juisi ambayo umekamua machungwa manne ukanywa kwa dakika moja. Shuleni tulifundishwa makundi ya vyakula tukayakariri kwa ajili ya mtihani, hata Taasisi ya Chakula na Lishe nayo inahubiri mlo mchanganyiko miaka yote, ila hakuna anayelipia kusikia hivyo kwa sababu haina siri ndani yake.

Na protini sio lazima iwe nyama ya ng'ombe. Maharage yaloweke usiku, asubuhi mwaga yale maji, chemsha na maji mengine, gesi itapungua na mkaa pia utaokoa. Kunde, mbaazi, choroko, badilisha badilisha. Dagaa wale wadogo wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nzuri kwa wewe, kwa mama na kwa watoto, wachambue, waoshe kwa maji ya moto, wapike na nyanya na nyanya chungu, hawahitaji kuzama kwenye mafuta. Mayai endelea nayo, sikukatazi, ila kwa familia nzima na kwa kiasi, sio trei ya mtu mmoja. Ukiweza nunua dona badala ya sembe, lina ganda na kiini ambavyo sembe imeviacha mashineni, wakilalamika changanya nusu kwa nusu mwanzoni. Ila uwe mkali kwenye mahindi yenyewe, yenye ukungu au yaliyooza usiyanunue hata kwa bei ya kutupa, sumukuvu haitoki kwa kupika.

Kazini ndio pagumu kwako, naelewa, huwezi kufunga fremu ukapike. Basi anza na hili la soda, achana nayo, maji yapo. Chai mwambie mama ntilie akutengee yako kabla hajatia sukari, ni jirani yako atakubali. Chapati iwe moja, au badilisha siku nyingine viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha, kina mama wengi wanavyo. Mchana wali maharage ni chakula kizuri sana jamani, nani kakuambia ni kibaya, mwambie apunguze wali aongeze maharage na mchicha. Chipsi mayai iwe mara moja moja, sio kila ukichoka maana utachoka kila siku. Na usikae kwenye hicho kiti kutwa, Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka haraka, ukizigawa ni kama nusu saa siku tano, tembea kwenda nyumbani kama sio mbali, na upange vyombo mwenyewe badala ya kumtuma kijana.

Uzito wako nimeupigia hesabu, kilo 84 kwa urefu wa mita 1.60 inaleta BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, karibu 33, kuanzia 30 ndio wanaita unene uliopitiliza, kwa hiyo sitakudanganya kwamba uko sawa tu usijali. Una sababu ya kupungua, na sababu yenyewe ni presha na sukari ambazo ziko kwenye damu ya nyumba yenu, mama anazo zote mbili. Lakini huhitaji kurudi ulivyokuwa usichana. Ukishusha asilimia 5 tu, kwako ni kilo 4 na kidogo, presha na sukari zinaanza kufaidika. Nusu kilo kwa wiki inatosha, kuna wiki mizani itagoma, usiitupe. Chukua futi ya fundi upime kiuno pia, kwa mwanamke kikizidi sentimita 80 hatari inaanza na kikizidi 88 imekuwa kubwa, na mara nyingi kiuno kinapungua mizani ikiwa imegoma.

Sindano nayo usiipuuze. Ya miezi mitatu inawaongezea uzito baadhi ya wanawake, sio wote, na wewe mwenyewe umeona mwili ulianza baada ya hapo. Nenda ulikoichomwa uwaeleze, kuna njia nyingine nyingi za uzazi wa mpango wanaweza kukubadilishia. Usiache tu kimya kimya kwa hasira halafu mwakani uniandikie barua nyingine yenye mtoto wa tatu.

Binti sasa. Huyo hajajifunza kwa kuambiwa, amejifunza kwa kukuangalia, mama anasimama kwenye mizani kila asubuhi, mama anasema ugali unanenepesha, mama ana chungu chake. Usimkalishe kumpa hotuba ndefu. Mpakulie, kaa naye, kula ugali huo huo naye akiona. Akisema tena hataki kunenepa mwambie wewe unakua, unahitaji chakula cha kukua na cha kusoma na kucheza, basi. Mwili wake usiuzungumzie, wa kwako pia usiutukane mbele yake, na mashangazi wanaokuja kusema "huyu naye kama mama yake" uwakatishe hapo hapo. Umri huo anakaribia kuvunja ungo, damu inakuja, chuma linahitajika, sio wakati wa kuruka milo. Mshike akusaidie kuchambua mchicha na dagaa, watoto wanakula walichokipika wenyewe. Ukiona anaendelea kukataa chakula wiki na wiki au anapungua, mpeleke akaonwe, usisubiri.

Baba watoto nimempenda kwa hilo la wabunge. Mwambie chungu kimerudi kuwa kimoja ila mafuta yamepungua na mboga imeongezeka, asiseme hajaambiwa.

Sare ishonwe kwa vipimo vya leo. Fundi aache upindo wa kutosha ndani, ukipungua ataibana. Picha zitatoka vizuri tu, na bibi harusi ndiye atakayetazamwa siku hiyo, sio wewe.

Awamu ya pili usilipie. Sumu inatolewa na ini na figo zako kila saa bila malipo, na nyingi ya hizo chai za kupunguza tumbo zina majani ya sena, ni dawa ya kuendesha, unaharisha maji na chumvi za mwili, mizani inashuka, wanasema sumu imetoka. Ukiendelea nayo muda mrefu matumbo yanazoea na madini ya potasiamu yanashuka, na hapo hata mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Hela hiyo nunua sufuria zito lenye mfuniko unaokaa sawasawa, litakusaidia kupika kwa mafuta kidogo, halafu toka kwenye hilo grupu leo leo, na wakikuuliza umeenda wapi sema simu ilijaa.